Nilivyokalishwa Uzazini Uroa

Mimi nilikuwa nimeshafika pahala ambapo hapana kitu duniani cha kunishangaza tena. Nasema hivi bila ya kujisifu, ingawa na nikijisifu haki ninayo. Pale Malindi ukuta mzima wa ghorofa ya pili uliporomoka na mimi niko juu yake, tukashuka pamoja, na nilipofika chini nilikuwa nimesimama, kofia ipo kichwani. Katika nyumba nyingine, ya Mkunazini, nilipasua ukuta nikakuta chungu cha rupia za zamani. Nikampelekea mwenye nyumba, naye akanishitaki kwamba zilikuwa nyingi kuliko zile. Nikashinda kesi, na baadaye akaja mwenyewe kunibembeleza nimjengee choo. Mtu aliyepita huko utamtisha na nini?

Sikusoma. Chuo cha Kurani niliishia katikati ya juzuu, na skuli niliijua kwa nje nilipokwenda kuipaka chokaa. Maneno haya nayaandika kwa herufi nilizojifunza ukubwani, kwa kutazama vibao vya maduka ya Darajani. Nilianza kwa kubeba mawe kichwani, nikakoroga chokaa, nikashika mwiko, na miaka ya hamsini ilipoingia nilikuwa kontrakta nina waashi wangu mwenyewe. Makarani waliosoma wakaja barazani kwangu wakinisubiri nimalize kunywa chai ndipo waseme shida zao.

Kitu kimoja tu sikuwa nacho: mtoto. Mke wangu wa kwanza tulikaa miaka, hakushika mimba, tukaachana kwa wema. Akaolewa na mtu wa Bububu, na haukupita mwaka akazaa. Mji ukaelewa ulivyoelewa. Mbele yangu hapana aliyesema neno, maana wengi walitaka kazi kwangu, lakini macho nikiyaona. Basi nilipooa tena, nshapindukia miaka arubaini, binti wa Uroa, na yule binti akashika mimba mwaka ule ule, nilitembea Mjini kama mtu aliyepewa Mji wote na funguo zake. Kahawa ya baraza nililipa mimi. Nikamchongesha seremala susu ya msaji ya kumbembelezea mtoto, nikaitundika chumbani kabla hata tumbo halijaonekana.

Kwa desturi yetu, mimba ya kwanza huzaliwa kwao mke. Ilipofika miezi saba nikampeleka Uroa kwa wazee wake, na huko angekaa mpaka atoke arubaini. Mume katika muda ule ni mgeni wa heshima: huja, huleta vitu, huondoka. Nyumba yake Mjini hubaki na yeye na kuta.

Khabari ilikuja na dereva wa gari la shamba. Alisimama katikati ya njia akapiga ukelele, "Kontrakta! Dume!" Nikaenda siku ile ile. Nikamuadhinia mtoto sikio la kulia, nikamkimia la kushoto, na sauti ilitoka vizuri. Kisha mkunga akaniwekea mikononi.

Nilikuwa nimejitayarishia furaha kama mtu anayetaka kupokea jiwe kubwa, nimetanua na miguu. Furaha haikuja. Kilikuja kitu kingine, kizito vilevile, nisichokijua jina. Nilimtazama yule mtoto, uso umemkunjana, wanja umechorwa kwenye paji lake, nikamuona kama mgeni aliyetoka mbali kuja kunitaka kitu ambacho mimi sina. Nikamrudisha upesi. Nikasema nina kazi, nikapanda gari lile lile kurudi.

Wakati huo tulikuwa tukijenga nyumba ya tajiri mmoja pale Shangani. Nilipanda jukwaa, nikasimama juu, nikasahau nilichopandia, nikashuka. Chakula kikawa na ladha ya chokaa. Asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mpaka jua likaingia dirishani. Siku ya kupigilia dari, kushindilia zege la chokaa la paa, wanawake walipanda juu na vibao vyao wakaanza zile nyimbo za kuwatukana mafundi, ambazo siku zote hunichekesha mimi kabla ya mtu yeyote. Nikajikuta nimejificha nyuma ya rundo la mawe, machozi yananitiririka. Mimi! Niliyeshuka na ukuta nikasimama!

Nilitaka kulijua jambo lile kuliko nilivyoliogopa. Ukuta ukinitia shaka huugonga kwa mpini wa mwiko nikasikiliza: palipojaa pana mlio wake, na penye uwazi pana mlio wake. Basi nikaanza kujigonga mwenyewe. Je, ni njaa? Nikala nikashiba, haikuwa njaa. Homa? Mwili baridi. Deni? Hapana mtu anayenidai. Husuda? Hili niliona lina njia, maana mtu kama mimi asipohusudiwa, atahusudiwa nani? Nikaenda kwa mwalimu wa chuo, akaniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani, nikaliosha nikalinywa. Zafarani ilikuwa nzuri, hali ikabaki pale pale. Nikaenda kwa daktari. Akanigonga kifuani kwa vidole, akasikiliza, nikamuona huyu ni fundi mwenzangu.

"Mzima kama ng'ombe," akasema.

"Daktari, kwani mtu anaweza kuumwa kwa sababu kapata alichokuwa akikitaka?"

Akacheka, akanipa vidonge vyeupe, akamwita mwengine.

Nikajaribu barazani. Nilianza kwa mbali, nikasema nina rafiki yangu wa Mwera, mkewe kazaa, naye tangu siku ile hana raha. Muuza kahawa akaweka dele chini.

"Huyo rafiki yako kazaa yeye au kazaa mkewe?"

"Mkewe."

"Basi mwambie aondoke kitandani ampishe mwenyewe!"

"Na huyo rafiki," akadakia mwengine, "si anavaa kofia kama hiyo yako? Na kazi yake si uashi?"

Wakacheka mpaka mmoja akamwagikiwa na kahawa. Nikacheka nao, nikaenda zangu.

Siku ya saba, siku ya kunyoa nywele za mtoto na kuchinja akika, sikwenda. Nilituma mchele na samli na salamu kwamba kazi imenibana. Nikatuma tena baadaye. Vitu vilikwenda, mwenyewe sikwenda. Nilikuwa navaa kanzu asubuhi, nafika mpaka wanaposimama magari ya shamba, nalitazama gari la Uroa likijaa watu na matenga, na likiondoka narudi nyumbani kuitazama susu.

Ndipo akaja baba mkwe. Ni mzee wa kutega madema ya samaki, mtu anayetoa maneno kama anayalipia kodi. Akakaa barazani, akakataa kahawa, nikajua limekuja jambo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekuja na swali moja, na nina gari la kurudi. Yule mtoto umemkubali au hukumkubali?"

Niliona kama ubao wa jukwaa umechomoka chini ya miguu yangu.

"Baba, nimemuadhinia mwenyewe!"

"Ukamuadhinia, ukakimbia. Mtoto nywele zake za tumboni mpaka leo anazo, tunakungoja wewe. Uroa watu wana midomo. Wanasema mke wako wa mwanzo kwako hakuzaa, akenda kwengine akazaa. Wanasema kontrakta kapiga hesabu, ameona haziji. Na mwanangu yuko ndani anayasikia yote hayo, na maziwa yanamkauka."

"Wallahi baba, sina shaka naye hata chembe. Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Sijui."

"Mtu haumwi sijui," akasema, akasimama. "Mtu anaumwa jino, anaumwa tumbo. Sasa nisikilize. Arubaini ikifika na wewe hujaja, mwanangu hatoki kwangu. Talaka yake utaileta. Na mtoto atakulia Uroa, na kila atakapoulizwa baba yake nani, watu watatazamana."

Akaondoka. Mimi nilibaki na picha ya wale watu wanaotazamana, na katikati yao kijana mwenye miguu kama yangu. Kesho yake nikapanda gari. Kondakta aliniuliza mara mbili kama kweli nakwenda ama nimepanda kupumzika.

Wa kwanza niliyemkuta uani ni bibi yake mke wangu. Lazima nieleze hapa kwamba kwetu bibi wa mke ni mtani wako, naye hukuita mume wake, na anaweza kukwambia lolote mbele ya yeyote. Mama mkwe haniangalii usoni kwa heshima, lakini bibi huyu angeweza kunivua kofia. Alikuwa amekaa chini, anaponda makumbi ya nazi yaliyofukuliwa pwani ili apate usumba wa kusokotea kamba, na harufu yake ilijaa ua mzima.

"Hodi!"

"Karibu! Nani? Aa, mume wangu! Leo umekumbuka kuwa una nyumba mbili?"

"Shikamoo bibi."

"Usiniamkie, mume hamuamkii mkewe. Kaa hapo juani nikuone. Ee! Mbona umekonda? Mke mwenzangu kazaa kanenepa, wewe hukuzaa umebaki mifupa. Unakula?"

"Chakula hakina ladha."

"Unalala?"

"Nalala, nikiamka nimechoka."

"Unalia?"

Nikaokota uzi wa usumba nikaanza kuuviringa.

"Nimekuuliza, unalia?"

"Bibi, umekuwa kadhi lini?"

"Tangu nilipokuoa wewe. Unalia?"

"Nalia."

Akaweka rungu lake chini. Akanitazama muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayetazama pweza pangoni. Kisha akapaza sauti kuelekea ndani:

"Njooni! Njooni mumtazame huyu! Huyu kazaa!"

Vicheko vikatoka jikoni, vikatoka na ua wa pili. Nilitaka kuondoka. Lakini yeye hakuwa anacheka.

"Mie ugonjwa wenyewe siujui," akasema. "Nnajua mzazi anavyokuwa. Analia hajapigwa. Chakula hakitaki. Anamtazama mtoto kama kaletewa wa jirani. Nimewaona wengi, na mmoja wao ni mimi. Hatumuulizi unaumwa nini, tunampa cha moto, tunamkanda, na hatumuachi peke yake hata dakika. Wewe umeachwa Mjini peke yako kama paka. Basi utakaa hapa, na atakayofanyiwa mke mwenzangu na wewe utafanyiwa."

"Bibi, nina nyumba ya tajiri Shangani, sijaimaliza."

"Tajiri huyo ana nyumba ngapi?"

"Nne, hiyo ikiwemo."

"Basi akalale kwenye hizo tatu."

Nikakalishwa uzazini, mimi kontrakta. Waliniletea uji wa pilipili manga uliokuwa ukinichoma mpaka masikioni. Waliniletea supu ya pweza asubuhi, bakuli linapita chini ya kanga ya mama mkwe, uso wake kaugeuzia ukutani, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Nilichemshiwa maji ya majani ya kukogea. Wanaume waliopita njiani wakachungulia uani.

"Kontrakta! Mungu akukuzie! Umejifungua salama?"

"Salama! Karibu uji!"

Mtu kama mimi hashindwi kwa mdomo, hata akiwa mgonjwa.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa kwa mke wangu. Jioni ya siku ile ya kwanza nilikaa nje ya mlango wa chumba chake, yeye ndani kitandani, pazia katikati. Nilimsikia akipumua kama mtu anayetaka kusema.

"Umekuja kwa sababu baba kakwita?" akaniuliza.

"Nimekuja kwa sababu niliogopa."

"Uliogopa nini? Wewe huogopi."

"Sijui. Nilimpokea mtoto, nikangoja furaha, haikuja. Nikadhani nimeharibika. Nikaona bora nisije, mtoto asije akanitazama akajua."

Akasema kwa sauti ndogo, "Mie nilidhani umenitoa maanani. Kila nikisikia honi ya gari nnajitengeneza, nnavaa leso safi. Gari likipita nnaivua."

Nikasogea karibu na pazia.

"Na mie siku ya mwanzo nilimuona mgeni," akasema. "Nilimwambia mama: huyu nani? Mama akanambia mnyonyeshe tu, mtajuana. Mie nilikuwa naye, nikamjua. Wewe utamjua vipi, na uko Mjini unatuletea samli?"

Asubuhi yake bibi akanikalisha kwenye kibao, akaninyoosha miguu, akanilazia mtoto juu ya mapaja, akanitia mafuta ya nazi viganjani. "Mkande," akasema. "Mkono wa fundi huo, usiniambie hujui kupaka kitu."

Viganja vyangu vimeliwa na chokaa, vikavu kama msasa. Nilianza kwa woga, mguu mmoja, kisha wa pili. Mtoto akalia, kisha akanyamaza akawa ananisikiliza. Na hapo, sijui niseme vipi, nikaanza kutaka kujua. Kwa nini kidole kidogo cha mguu kimelala juu ya mwenzake? Nikavua kiatu nikatazama changu: kimelala vilevile. Kwa nini anakunja uso kabla ya kupiga chafya? Masikio haya ya nani? Nilimkagua kama ninavyokagua nyumba kabla sijakubali kazi, pembe kwa pembe. Furaha ile niliyoingojea haikuja hata siku hiyo. Kilichokuja ni hamu ya kuamka kesho nione kimezidi nini. Na ule uzito haukuondoka mara moja. Kuna asubuhi nyengine nilikaa na kiatu mkononi huko huko Uroa. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa akinipigia kelele kutoka uani, "Mzazi! Makumbi yanakungoja!" nami nikatoka nikaponda usumba mpaka nikasikia njaa.

Kilichonistaajabisha zaidi ni wanaume. Wale wale walionicheka njiani walianza kuja mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake, akijifanya anataka kunisaidia kuponda makumbi.

"Ilikushika vipi hiyo?" ananiuliza, macho kwenye rungu.

Nikimweleza, na yeye anaanza yake. Mmoja mtoto wake wa tatu alipozaliwa alihamia bandani penye madema, akawaambia watu kwamba panya wanakula kamba. "Na panya walikuwepo?" nikamuuliza. "Hata mmoja." Mwengine alisafiri kwenda Pemba kuchuma karafuu.

"Msimu gani huo?"

"Karafuu hazikuwepo," akasema. "Nilikaa tu."

Niliwauliza wote kama waliwahi kumwambia mtu. Hapana hata mmoja. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake duniani, na wanaishi nyumba zinazogusana. Nikafikiri juu ya kuta nilizozijenga maisha yangu yote, na watu walioko nyuma yake, nikajiuliza wangapi wamekaa vitandani na kiatu kimoja.

Baba mkwe alikuwa akinitazama tu. Siku moja alirudi pwani na pweza mkubwa, akamtupa mbele yangu, akasema, "Wako." Halafu akaongeza, "Lakini siku ya arubaini watu wataona kwa macho yao. Mimi maelezo siwezi kumpelekea kila mtu mlangoni."

Nikamwambia wataona. Wakati huo tajiri wa Shangani alikuwa ameshatuma mtu: nyumba kampa kontrakta mwengine, na arubuni yake anaitaka. Siku nyengine ningepanda gari nikaenda kumtolea maneno. Nilimwambia yule mjumbe ampe salamu zangu, nikarudi kukanda.

Ikafika siku. Nilialika Uroa nzima, nikaagiza na watu wa baraza yangu kutoka Mjini, pamoja na muuza kahawa mwenyewe. Mtoto akanyolewa mapajani kwangu. Mbuzi wakachinjwa, ile akika iliyongojwa. Kisha nikaingia ndani, nikamchukua mtoto kwa mke wangu, na nikatoka naye mlangoni mwenyewe, mimi na si mkunga, nikasimama penye watu wote nikasema kwa sauti ile ninayowaitia waashi walioko juu ya dari:

"Huyu ni mwanangu! Mwenye kutaka kuhakikisha na aje atazame kidole chake cha mguu, halafu atazame changu!"

Nikavua viatu. Wakaja kweli! Wazee waliinama wakatazama vidole. Baba mkwe alitazama wa mwisho, akainuka, akanishika bega mbele ya watu, akasema, "Kuleni."

Jioni nilikodi teksi kutoka Mjini, maana sikuwa tayari kumrudisha mwanangu kwenye gari la matenga. Mke wangu alikaa upande mmoja, susu inatungoja Mjini, na mtoto alilala mapajani kwangu kwa sababu bibi aliamuru hivyo. Tulipofika njia ya lami mke wangu akaniuliza:

"Jumla umetumia ngapi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Akikua nimwambie. Na wewe ulivyo, nnajua ushapiga hesabu."

Nilikuwa nshapiga. Nikamtajia kwa mpango: mbuzi, mchele, samli, teksi, kombe la zafarani, vidonge vya daktari, na arubuni ya tajiri wa Shangani niliyomrudishia mpaka senti ya mwisho. Shilingi mia nane na kumi na mbili na senti sitini.